Mdaka Nzi Anafia Kiotani

Yafuatayo ni maneno ya hotuba nzima, kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, walinzi wa misitu, na nyinyi vijana mnaoongoza wageni porini: hamjambo. Asanteni kwa kufika, na asanteni zaidi kwa kusogea mbele, maana ndege tunayemzungumzia leo ni mdogo na habari zake nyingi ni za kutazamwa kwa karibu.

Naomba nianze na swali. Ukisikia kwamba ndege fulani wa msituni anatoweka, unamfikiria nani kwanza? Mwenye shoka. Mwenye msumeno. Mchoma mkaa. Na si uongo, msitu ukifyekwa, ndege naye kwisha. Hilo halina mjadala. Lakini ipo misitu iliyosimama mpaka leo, miti yake imeshonana, wadudu wake tele, na mdaka nzi wake hayupo. Nani kamchukua?

Jibu ninalo moja tu, nami nitalirudia mpaka mlikariri: mdaka nzi anafia kiotani. Anakufa akiwa yai. Anakufa akiwa kinda lisilo na manyoya. Anakufa akiwa mzazi aliyeatamia gizani, hawezi kuruka na hataki kuyaacha mayai. Anayetaka kumlinda na akilinde kiota. Kulinda kiota ni kazi yenye vipimo na ratiba, tena ina makosa yake yanayojulikana, na ndiyo hayo nimekuja kuyasema.

Kwanza tujue tunamsema nani. Jina la mdaka nzi limebebwa na ndege wa koo mbalimbali. Wapo wa familia ya Muscicapidae, walioenea Afrika, Asia na Ulaya. Wapo wa Monarchidae, na humo yumo yule mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu anayeonekana sana katika misitu na hata bustani za Afrika, Terpsiphone viridis. Wapo wa Platysteiridae, wadogo, wa Afrika, ambao baadhi yao wana kipande cha ngozi nyekundu juu ya jicho. Na huko Amerika wako Tyrannidae, spishi zaidi ya 400. Hawa wote si ndugu wa karibu. Wale wa Monarchidae wana udugu zaidi na mramba kuliko walio nao na Muscicapidae. Kilichowafananisha ni kazi.

Na kazi yenyewe ni hii. Ndege anakaa wima juu ya tawi jembamba, kimya, kichwa tu ndicho kinachogeuka. Mdudu akipita, anachomoka, anamdaka hewani na kurudi tawini, mara nyingi lile lile. Ukiwa hatua kumi kutoka alipo, na msitu umetulia, utausikia mdomo ukifunga: tak. Mdudu mdogo anamezwa papo hapo. Nondo mkubwa anapigizwa tawini, kulia, kushoto, mpaka mabawa yadondoke, ndipo amezwe. Ukikuta mabawa ya nondo yametapakaa chini ya tawi moja lililo tupu, inua macho. Anaweza kuwa yeye, ingawa popo naye huacha alama hiyo hiyo.

Mdomo wake ni mpana na bapa, na kwenye pembe zake pameota vinyweleo vigumu vinavyoelekea mbele. Miaka mingi watu walisema ni wavu wa kunasia wadudu. Maneno hayo yanavutia, nayo bado yanasomeshwa. Mwaka 1980 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya majaribio kwa mdaka nzi mmoja wa familia ya Tyrannidae. Aliyenyang'anywa vinyweleo aliendelea kudaka wadudu bila shida. Tofauti ilionekana machoni: bila vinyweleo, chembe zilizopeperushwa na upepo zilimfikia jichoni zaidi. Kwa hiyo, vijana mnaoongoza wageni, mgeni akiuliza, mwambieni vinyweleo vile vinalinda macho.

Sasa angalieni kazi hii inataka nini. Inataka tawi tupu la kukalia. Inataka nafasi wazi ya kurukia, mita chache tu, chini ya kivuli. Inataka majani mabichi na makavu ambamo wadudu wanalala, maana mvua ikinyesha kutwa nzima wadudu hawaruki, na ndege huyu analazimika kuwachuma majanini mmoja mmoja. Mtu akiingia msituni na panga "kusafisha" vichaka vya chini, akakata vijiti vilivyokauka na kuacha miti mikubwa peke yake, kwa macho ya binadamu msitu umependeza. Kwa mdaka nzi, ghala limefungwa na viti vimeondolewa. Nasema hivi kwa sababu usafi wa namna hii hufanywa na watu wema, tena kwenye hifadhi.

Nakuja kwenye hadithi ya kwanza.

Kipo kisiwa kinaitwa Guam, magharibi mwa bahari ya Pasifiki, chini ya Marekani. Kilikuwa na mdaka nzi wake, Myiagra freycineti, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika mizigo iliyokuwa ikipelekwa kisiwani, aliingia nyoka. Si nyoka mkubwa wa kutisha. Ni mwembamba, wa kahawia, hodari wa kupanda miti, na hutembea usiku. Jina lake la kitaalamu ni Boiga irregularis. Kwao ni Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon na kaskazini na mashariki mwa Australia. Miaka ikapita. Ndege wakaanza kupungua kusini mwa kisiwa, kisha katikati, kisha kaskazini. Msitu ulikuwepo.

Watu walisema ni dawa za kuua wadudu. Wengine wakasema ni ugonjwa. Je, hamjawahi kusikia maelezo kama haya kwingine? Mtafiti Julie Savidge akayachunguza hayo moja baada ya jingine. Akaweka hata vizimba vyenye ndege wa chambo msituni ili aone nini kitakuja, na kilichokuja ni nyoka. Mwaka 1987 alichapisha matokeo yake: aliyewamaliza ndege ni nyoka yule. Lakini mdaka nzi wa Guam alikuwa hasubiri matokeo. Tangu miaka ya 1980 hajaonekana tena, na leo amehesabiwa kati ya ndege waliotoweka duniani.

Kwa nini alishindwa? Kwa sababu ndege wa pale hawakuwahi kuishi na nyoka apandaye miti usiku. Mchana mdaka nzi ni mkali ajabu. Atamfukuza kunguru, atamfukuza kozi, atampiga mtu kichwani. Usiku ameatamia, haoni, na harufu ya makinda inapanda na upepo. Mdaka nzi anafia kiotani.

Halafu kuna nyongeza ya habari hii, na wakulima mnaokaa pale nyuma itawagusa. Mwaka 2012 watafiti walichapisha hesabu ya tando za buibui katika misitu ya Guam, wakailinganisha na ya visiwa jirani ambavyo ndege bado wapo. Katika msimu wa mvua, Guam ilikuwa na tando nyingi mara 40. Mara arobaini! Ndege wanaokula wadudu na buibui wameondoka, na wanaoingia msituni wanatembea na kijiti mkononi, wanakata njia kwenye tando. Nani alifikiri ndege wa gramu chache anashikilia kitu kikubwa kiasi hicho?

Sasa tukitazame kiota chenyewe, maana hatuwezi kukilinda kama hatujui kilivyo. Nitamtumia yule wa Afrika mwenye mkia mrefu, kwa kuwa wengi wenu mmeshamwona.

Anachagua panda ya tawi jembamba, kwenye kivuli, mara nyingi tawi lililoinama juu ya kijito au njia. Kwanza anazungushia panda hiyo nyuzi za utando wa buibui. Hizo ndizo gundi na ndizo msingi. Juu yake anapachika nyuzi za magome, vijizizi vyembamba na nyasi laini. Kisha anakaa ndani na kuzunguka, anasukuma kwa kifua, anakandamiza ukingo kwa kidevu na mkia, mpaka kinapatikana kikombe kisichozidi finjani ya kahawa. Ukingo anaufunga tena kwa utando. Mwisho, kwa nje, anabandika vipande vya magamba ya kijani-kijivu yanayoota juu ya magome, na kiota kinafanana na fundo la mti. Unaweza kupita chini yake kila siku usikione.

Kwa nini utando na si nyasi tupu? Kwa sababu utando unanyumbuka. Makinda yakikua, kikombe kinatanuka nayo. Tawi likiyumba, kiota hakichaniki. Na hapa pana jambo la kuangalia: mahali penye buibui wachache, labda kwa kupuliziwa dawa shambani jirani, ndege huyu hapungukiwi chakula peke yake, anapungukiwa na kamba ya kujengea.

Mayai ni mawili au matatu. Jike na dume huatamia kwa zamu. Dume akiwa zamu utaona mkia wake mrefu umening'inia nje ya kiota, jambo ambalo mgeni yeyote atataka kulipiga picha, na hilo nitalirudia. Mayai huanguliwa baada ya takriban wiki mbili, na makinda hutoka kiotani baada ya wiki mbili nyingine au pungufu kidogo. Wengine wa visiwani hutaga yai moja tu. Fanyeni hesabu: tangu yai la kwanza mpaka kinda kuruka ni kama mwezi mmoja. Mwezi huo mmoja ndio unaoamua kila kitu. Na katika misitu ya tropiki ni jambo la kawaida zaidi ya nusu ya viota kuharibika, sababu kubwa ikiwa ni kuliwa.

Anayevila ni nani? Walinzi, hapa nawaomba mtoe madaftari. Ukikuta kiota kizima, hakijachanika, na ni kitupu kabla ya makinda kufikia umri wa kuruka, mshuku nyoka, kwa kuwa humeza kila kitu na haharibu. Ukikuta vipande vya ganda vyenye kingo zilizotafunwa, au mabaki ya manyoya na mguu, mshuku panya. Kiota kilichong'olewa au kuvutwa upande mmoja ni kazi ya kima au ndege mkubwa. Kilichoinama chote na mayai yamevunjika chini, uliza kwanza kama usiku ulikuwa na upepo. Siafu nao wakipita hawaachi kitu kwa kinda. Nimesema mshuku, sikusema mhukumu. Alama hizi hupishana: panya anaweza kubeba yai zima akaenda kulila shimoni, na kiota kikabaki safi kama alipita nyoka. Mwenye kutaka uhakika huweka kamera ndogo inayojiwasha kitu kikipita, mita chache kutoka kiotani.

Kiota kikiliwa, wazazi hujenga tena, mara nyingi wakichukua utando wa kile cha zamani. Wanaweza kurudia zaidi ya mara moja msimu huo huo. Kwa hiyo kupoteza mayai mawili si msiba mkubwa. Msiba ni kumpoteza mzazi aliyekuwa juu ya mayai hayo. Hawa ni ndege wanaoishi miaka mingi kwa kulinganisha na udogo wao, na jozi iliyo hai ina nafasi nyingi za kujaribu. Panya mmoja anayemuua jike usiku ameua na viota vya miaka iliyobaki.

Hadithi ya pili inaonyesha hilo, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Kisiwa cha Rarotonga, katika Visiwa vya Cook, bahari ya Pasifiki. Mdaka nzi wa huko wenyeji humwita kakerori; kwa kitaalamu ni Pomarea dimidiata. Ni ndege wa ajabu kidogo, kwani umri wake unausoma kwenye manyoya: kijana ni wa rangi ya machungwa, mtu mzima ni wa kijivu, na katikati hapo anakuwa wa mchanganyiko. Watu walidhani ametoweka. Akaonekana tena, katika mabonde machache ya kusini mashariki. Mwaka 1989 walihesabiwa wote. Mnajua walikuwa wangapi? Ishirini na tisa. Si ishirini na tisa elfu. Ndege 29, dunia nzima.

Msitu wa milimani pale ulikuwa mzima. Tatizo lilikuwa panya mweusi, yule aliyekuja na meli, Rattus rattus. Anapanda mti kama mwenye nyumba anavyopanda ngazi, na anafika hadi ncha ya tawi jembamba.

Wakafanya nini? Wakaanza kutega chambo chenye sumu kila mwaka, kabla na wakati wa kuzaliana, katika mabonde yale yale wanamokaa ndege. Miti yenye viota wakaifunga mikanda ya bati la alumini. Mwaka 1996 koo tatu zenye ardhi hiyo zikaanzisha wenyewe Hifadhi ya Takitumu, hekta 155. Wageni wakalipia matembezi ya kuongozwa, na fedha hizo zikarudi kwenye kazi. Idadi ikapanda: kutoka 29 hadi mamia, na hesabu za baadaye zikazidi 400. Wapo kakerori waliotiwa pete mguuni ambao walipita umri wa miaka 20. Ndege mdogo hivyo! Mpunguzie panya, atakaa.

Sasa naomba tushuke kwenye vipimo, maana "kupunguza panya" kila mtu anaweza kusema.

Chambo hakiwekwi chini. Kinawekwa ndani ya bomba la plastiki au sanduku lenye tundu la panya tu, lililofungwa imara, ili nguruwe, mbwa na ndege wasikifikie. Vituo hupangwa kwa mistari, umbali wa takriban mita 50 kati ya kimoja na kingine. Ukiviweka mbali sana, utaacha panya jike katikati ambaye hajawahi kukutana na sumu, na huyo mmoja atakurudisha ulikotoka ndani ya miezi michache. Mnaanza wiki kadhaa kabla ya viota vya kwanza, kwa sababu panya huogopa kitu kipya na huchukua siku kukizoea. Mnakagua kila wiki. Mnaandika kilicholiwa katika kila kituo. Mwanzoni chambo huliwa kwa kasi, kisha ulaji hushuka; ukishuka na kubaki chini, mnajua mmefika. Mnaendelea mpaka makinda ya mwisho yaruke.

Nini huharibika? La kwanza ni unyevu. Katika msitu wa mvua chambo huota ukungu, na panya hagusi kilichooza. Kitoeni, fukieni mbali na maji, wekeni kipya. Msiongeze kipya juu ya cha zamani. La pili ni kaa na sisimizi, ambao hukomba chambo na kuwafanya mdhani panya ni wengi. Kituo kikiinuliwa juu ya kigingi, kaa wengi hushindwa. La tatu ni uchovu wa watu. Msimu wa kwanza kila mtu anajitolea. Msimu wa tatu vituo vya kilimani vinaachwa kwa sababu njia ni mbaya. Panya hurudi kupitia hapo hapo kilimani. Na la nne ni sumu yenyewe. Zile kali za kuzuia damu kuganda, kama brodifakoumu, hukaa muda mrefu kwenye ini la mnyama, na bundi au paka anayemla panya aliyekula sumu naye hudhurika. Nguruwe wa kuliwa wasiachwe kuzurura eneo hilo. Glavu ni lazima. Mtoto asitumwe kuweka chambo, hata kama ana mbio kuliko nyinyi.

Mkanda wa bati ni rahisi, tena hukosewa sana. Uwe mpana, sentimita 50 au zaidi, uzunguke shina lote, ufungwe juu kidogo ya kimo ambacho panya anaweza kuruka kutoka chini. Uache nafasi ya shina kunenepa, la sivyo baada ya miaka mkanda unaukaba mti. Na kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, tazama juu. Je, matawi ya mti huu yamegusana na ya mti wa pili? Kama yamegusana, umefunga mlango na kuacha dirisha. Mkanda unafaa kwa mti uliosimama peke yake, au ambao vijitawi vinavyogusana vinaweza kukatwa bila kuondoa kivuli cha kiota. Katika msitu ulioshonana, achana na mikanda. Nguvu zote zipelekwe kwenye chambo.

Ndugu zangu, nimewasema nyoka, nimewasema panya. Sasa tujiseme wenyewe.

Mgeni amekuja na kamera yenye lenzi ndefu kama mkono. Anataka dume aliyeatamia, mkia umening'inia. Kuna jani mbele. Anasema, "Hilo jani tu, tafadhali." Ukilikata jani hilo, umefanya mambo matatu kwa mpigo. Umeliondoa lililokuwa likizuia jua la saa saba, na kinda la siku tatu halina manyoya ya kujikinga. Umeondoa pazia lililomzuia kozi asione. Na umeacha harufu yako na kijia kilichokanyagwa kinachoishia chini ya kiota. Picha nzuri ilishapigwa. Kesho kiota ni kitupu, na mgeni yuko uwanja wa ndege.

Kwa hiyo kanuni za kazini ni hizi. Msisogee chini ya mita 15, darubini ipo. Mkipita, piteni moja kwa moja kama watu wenye safari zao, msifike kiotani na kugeuka. Mkilazimika kuchungulia ndani, tumieni kioo kidogo kwenye fimbo, na muda usizidi dakika moja. Msiende mvua inaponyesha wala jua linapowaka sana, kwa kuwa mzazi akiondoka mayai hupoa au hupikika. Msicheze sauti ya ndege kwenye simu karibu na kiota. Dume ataacha zamu yake kwenda kumtafuta mpinzani asiyekuwepo. Na mzazi akianza mlio mkali wa kurudiarudia, huku akihama tawi hadi tawi bila kukaribia kiota, anawaambia nyinyi. Ondokeni.

Kinda likionekana chini je? Kama limeshaota manyoya na mkia mfupi umeanza, liko mahali pake. Wazazi wanalilisha huko huko, na watalilisha kwa siku nyingi bado. Liinue tu na kuliweka kwenye tawi la karibu kama kuna paka. Kama ni uchi, lirudishe kiotani ukikiona. Lile jambo la kwamba mama hunusa mkono wa mtu akalikataa kinda si kweli; wasiwasi wa kweli ni muda wako wa kusimama pale.

Nimalizie na Shelisheli, kwa sababu kuna kosa moja ambalo hata ulinzi mzuri wa viota haulitibu: kuwaweka ndege wote mahali pamoja.

Mdaka nzi wa Shelisheli, Terpsiphone corvina, dume lake ni jeusi la kung'aa, mkia mrefu. Jike ni la kahawia mgongoni, jeupe tumboni, kichwa cheusi. Wenyeji humwita vev. Alikuwa katika visiwa kadhaa. Akabaki na jamii moja tu inayozaliana, kisiwani La Digue, chenye kilomita za mraba zipatazo 10. Anapenda msitu wa tambarare, karibu na maji yaliyotuama, kwenye mitondoo na mikungu, miti ambayo watu wa pwani mnaijua vizuri. Majani ya miti hiyo na maji yale ndiyo yanayompa wadudu. Lakini tambarare ndipo watu nao wanapojenga. Vinamasi vikafukiwa. Kisha ukaja ugonjwa wa mitondoo, wa kuvu anayesambazwa na mdudu wa magome, miti ikanyauka imesimama. Anaweka yai moja tu kwa kiota. Moto mmoja, kimbunga kimoja, na hadithi imekwisha.

Wakachagua kisiwa cha Denis, ambacho kiligeuzwa shamba la minazi miaka mingi. Hawakupeleka ndege kwanza. Sikilizeni mpangilio: waliondoa paka, wakaondoa panya, wakaanza kurudisha miti ya asili mahali pa minazi, ndipo mwaka 2008 wakahamisha ndege 23 kutoka La Digue. Wakazaliana. Idadi ikazidi mara mbili. Mwaka 2018 ndege 20 wakatolewa Denis na kupelekwa kisiwa cha tatu, Curieuse. Mwaka 2020 ndege huyu, aliyekuwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, alishushwa hadi daraja la walio katika mazingira hatarishi, yaani hatari yake imepungua.

Na wale kakerori? Nao walifanyiwa vivyo hivyo. Kati ya 2001 na 2003 ndege vijana 30 walihamishiwa kisiwa cha Atiu, ambako panya mweusi hajafika, na wakazaa. Vijana walichaguliwa kwa sababu bado hawajashika eneo. Ndege mzima mwenye eneo lake hufanya kila njia kurudi. Mwaka 2005 vimbunga vitano vikaipita sehemu ile ya bahari ndani ya takriban mwezi mmoja. Kufikia hapo, angalau hawakuwa tena wote katika mabonde yale machache.

Anayefikiria kuhamisha ndege wa kwetu na aanze na swali la Denis: huko tunakompeleka, panya yupo? Kama yupo, ndege hao watakwenda kufia kwenye viota vipya.

Ndugu mwenyekiti, naona mikono imeshainuka pale upande wa walinzi, na nadhani ni kuhusu sumu na mbwa. Tuanze na hao.